Kioo cha Tatu

Kabale, saa moja asubuhi. Ukungu umeketi bondeni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kichupa nimekibana kwapani, chini ya sweta mbili:
baridi ikikiwahi kabla sijafika kwenye hadubini
nitakuwa nimepima baridi, sikumpima dume.

Wa kwanza ni Dorper, kichwa cheusi, mwili mweupe,
ana vyeti, ana kibati sikioni, kavuka mipaka kwa lori.
Shahawa yake nzito, rangi ya danga,
ila chini ya lenzi mbegu zinazunguka palepale,
kama watu waliosahau walichofuata sokoni.
Naandika: mbili juu ya tano.

Wa pili katoka Karamoja, mkia kama mfuko wa posho.
Kamkanyaga Lokwang mguu, na hana habari.
Tone lake dogo, ukipepesa macho umelikosa.
Naweka jicho —
lo, kunachemka!
Mtungi wa bushera uliochachuka, wimbi likipanda wimbi.
Naandika nne. Nafuta. Nne na nusu.

Sisemi koo hii yaishinda ile.
Madume sita si taifa, na Dorper bado ana safari mwilini;
joto la lori hukaa kwenye pumbu wiki saba.

Wa tatu ni wa hapahapa, wa Tibenderana wa Hamurwa.
Dume la kupigwa picha: kifua, pembe, madaha.
Nikatazama. Nikasogeza kioo.
Nikapasha kingine, nikaanza upya.
Mchele uliomwagika sakafuni
una haraka kuliko zile mbegu.

Nikamwambia.
Akavua kofia, akaanza kuhesabu kwa vidole:
majike saba aliwauza Katuna mwaka jana,
kwa bei ya nyama, kwa kosa la ugumba.
"Yule wa doa," akasema, "alikuwa ananifuata mpaka kisimani."
Kisha kidole cha nane kikainuka,
akakirudisha haraka ndani ya kofia.

Lokwang akamfungua dume. Jua likaingia dirishani.
Tibenderana hakuondoka.
Alikitazama kile chombo
kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani,
halafu akauliza, chinichini, akiangalia viatu vyangu,
kama hadubini hii
hupima kondoo tu.