Robo ya Trekta

Siku shamba la ushirika lilipovunjwa kule Kara-Bulak
mama alirudi na karatasi yenye muhuri:
kondoo saba, farasi mmoja chongo,
na robo ya trekta.

Robo ya trekta! Tulicheka hadi baba akanuna.
Kenjebek alibeba injini kwa mkokoteni.
Mjane Asylkan, magurudumu;
akayalaza uani, akapanda vitunguu ndani yake.
Sisi tukapata kiti, taa moja na usukani.
Mdogo wangu aliuendesha kipupwe chote
kutoka jikoni hadi mwezini.

Ilikuwa haki. Nasema bila kejeli.
Mkuu wa shamba, mwenye funguo za kila ghala,
naye alihesabiwa kondoo saba,
na mizani haikuchezewa.

Kufika Machi tulikuwa tumekula watano.
Ungefanyaje? Unga ulipaa, bibi alikohoa damu.
Kenjebek ana mwana Almaty, hutuma fedha;
hakuchinja hata mmoja.
Akanunua wawili wetu waliobaki, akanunua na wa Asylkan,
kwa bei nzuri. Si mwizi.
Ila mlimani kengele zote zikawa zake.

Siku hizi huja wageni na madaftari.
Je, kugawa mali kunaponya umaskini?
Huyu anataka niseme ndiyo, mwenzake hapana.
Nawamiminia chai
natafuta jibu lenye uzito wa kitu nilichowahi kukishika.

Mkono mtupu haulambwi, hilo nalijua.
Na aliyeshiba akiniambia mgawo haufai
namtazama mdomo: bado unang'aa mafuta.
Lakini usukani bila injini
ni wa kumbembelezea mtoto.

Kenjebek aliutaka, akataja bei. Mama akakataa.
Mwaka wa tatu, theluji ikiyeyuka, aliufunga mgongoni
akapanda nao hadi kwake: "Siuzi. Naunga."
Asylkan aling'oa vitunguu, akaviringisha magurudumu mtelemkoni,
mbwa wakiyakimbiza.
Wakagombana siku mbili, nani alimiwe kwanza.

Ikabaki robo ya nne, mtaimbo wa kuwashia,
na huo ulikuwa kwa mkuu wa zamani, chini ya kitanda.

Mama alisimama mlangoni pake, matope hadi magotini.
Miaka ishirini alikuwa akiingia pale ameinama.
Hakuinama.
Alitoa karatasi kifuani, muhuri umefifia,
akasema neno moja:
"Leta."