Kunguru wa Al-Khodh

Kwetu walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Nami nimezikimbiza mbawa zangu miaka hamsini na sita,
nikazificha chini ya buibui, chini ya kofia za watu,
kofia ngapi sijui, tundu kwa tundu, uzi kwa uzi,
mpaka vidole vikasahau kunyooka.

Kisha bafuni, mwezi wa Rajabu, maji ya sabuni.
Kifundo cha mkono kikaalika kama ubua.
Wiki sita za plasta,
na daktari kijana, macho yake kwenye picha ya mifupa:
"Mama, usinyanyue kizito."

Sikunyanyua. Hata chupa ya achari
alikuwa akinifungulia Nasor,
kisha anapuliza vidole vyake
kama aliyebomoa ngome.

Binti wa jirani, Thuraiya, ndiye aliyenivuta:
chumba nyuma ya saluni, wanawake watupu,
pazia limebanwa kwa pini za nguo.
Mwalimu Sheeja, mtu wa Kerala,
Kiarabu chake maneno kumi,
tisa kati ya hayo ni *shwai shwai*.

Miezi minne tulisukuma ukuta.
Kisha akasema: leo kunguru.

Chuchumaa. Viganja chini, vidole vitawanye
kama anayepima kitambaa kwa shubiri.
Magoti yapande, yaketi juu ya mikono, karibu na kwapa.
Inama mbele.
Mbele zaidi.
Hapo ndipo mwili unapopiga yowe: we mama, uso huo!

Nikaangukia mto wa maua
wenye harufu ya udi wa mtu mwingine.
Nikaanguka tena Alhamisi. Na Alhamisi ya pili.

Nyumbani, baada ya Alfajiri, Agosti,
vioo vinatoka jasho kwa nje, kiyoyozi kinakoroma,
Nasor na tende zake kwenye kiti:
"Ukivunjika tena, mimi simwogeshi mtu."

Usitazame chini. Ukitazama chini, kichwa kinakwenda.
Basi nikachagua msumari ukutani,
uliobaki bila kalenda tangu mwaka juzi.

Nilidhani ni nguvu. Siyo nguvu.
Ni kuwaonea haya miguu
iliyobeba kila kitu tangu nilipoacha kutambaa,
ukaiambia: pumzikeni kidogo, zamu yetu.

Kidole gumba cha kushoto kikaachana na zulia.
Kisha cha kulia.
Nikahesabu pumzi kama ninavyohesabu kofia:
tundu moja.
Tundu mbili.
Tundu

tatu. Nasor akaacha kutafuna.

Sikuruka. Hata kunguru haruki kutwa;
muda mwingi husimama tu juu ya ukuta,
akatazama jaa la watu na kujiona tajiri.

Siku hizi nikiinuka kwenye sijda sishiki kiti.
Ninakanda unga, mkono haulalamiki,
au unalalamika kwa adabu.
Na usiku, mawazo yakianza kugombana,
nautafuta ule msumari gizani, yananyamaza.

Jana mchana Nasor alitoa achari,
kwa mazoea akaishika shingo.
Nikamwambia lete.
Kifuniko kikalia *tak*, ndimu ikanuka jiko zima.

Hakusema neno.
Alinishika mkono,
akanipuliza vidole.