Safu ya Faida

Wameniandikia kutoka makao makuu: pima.
Miaka mitatu, bilioni nne, mfumo mmoja.
Umeleta nini? Kwa tarakimu. Ijumaa, saa kumi.

Nipo Hombolo, kwenye ghala la ushirika, msimu wa Machi,
nyuki wamelewa juu ya kreti,
vumbi limeshatua kwenye fomu
kabla sijaandika jina langu.

Mizani inatamka, kompyuta inaandika:
Yoeli Masinjila, kilo mia mbili na sita.
Zamani kilo hizo zilikwenda mjini kwa karatasi
na zikifika zimesinyaa.
Karatasi nayo, kumbe, hukauka kama zabibu.

Naandika: upotevu, kutoka asilimia kumi na moja hadi mbili.
Malipo, kutoka siku mia na nne hadi tisa.
Hapo kalamu inateremka yenyewe.

Kisha inakwama.
Makarani watano wamebaki wawili; fomu inaita ufanisi.
Lameki, mmoja wa wale watatu, anauza vocha getini,
ananikaribisha kiti.

Damari, mtunza ghala, anavuta droo:
daftari, wino wa bluu, kila kilo ya kila siku.
"Umeme ukikatika," anasema, "mashine inasahau hata salamu."
Saa moja na nusu kila jioni, bila posho,
anaufundisha mfumo kile ambacho mfumo unajisifia kukijua.
Nimweke safu gani? Gharama? Faida?
Nimemwandika kwa penseli, juu ya mstari wa katikati.

Na ile asilimia tisa iliyookolewa,
miaka yote ile ilikuwa ikinywewa na nani?
Fomu haiulizi.
Fomu imesainiwa na waliokuwa wakizipokea zile karatasi.

Jioni anakuja Peresi Chilongani, mjane, risiti mkononi.
Anataka ichapwe tena.
Imechanika? Hapana.
Ina kosa? Hapana.
Miaka kumi na tisa zabibu zake ziliuzwa kwa jina la marehemu;
hii ina lake.
Moja ya benki. Moja ya ukutani.

Damari anabonyeza. Printa inakohoa, wino umefifia,
jina linatoka kijivu, lakini linatoka.

"Faida nyinginezo," inasema fomu, ukurasa wa mwisho,
na imeacha nafasi ya sentimita tatu.
Nimepima.
Jina lake peke yake ni nne.