Chumvi

Miaka thelathini na mmoja nimesoma mizani,
majani ya chai ya watu, kilo na pointi zake,
na mwenye kubisha nikimwambia:
mshale hauna mjomba.
Leo sijui kama ni Jumanne au Jumatano.

Mvua ya Tukuyu ndiyo msimamizi wangu sasa.
Ikinyesha, nachochea kuni, narudi kulala na soksi.
Ikikatika, navaa mabuti, natoka
kwenda dukani kwa Ambakisye,
chumvi tu, narudi.

Lakini Subilaga yuko barazani anapukuchua maharage
na kigoda cha pili kiko wazi.
"Kaa kidogo."
Hiyo kidogo ya huku haina dakika.
Tumemaliza debe, tumemsema mchungaji mpya,
tumekula parachichi kwa kijiko,
mvua ikarudi ikatukuta bado tunabishana
ng'ombe wa Mwakalinga alitumbukia mtoni mwaka gani.

Kiinua mgongo changu kiliishia kwenye bati.
Mgongo wenyewe haukuinuka,
ila umejifunza kuegemea.

Jioni naingia na kichane cha ndizi nilichopewa njiani,
maharage kwenye pindo la khanga,
matope hadi magotini.
Lugano anafunua sufuria, ananitazama:
"Na chumvi?"

Nilicheka mpaka paka akahama jiko.
Tukala ndizi chapwa, tukalamba vidole,
na sikuangalia nani kala nyingi.

Kesho nitaifuata.
Au keshokutwa, ikikatika.