Bila Mizani

Mwezi Septemba Bogna alinunua mizani ya kioo,
akaificha bafuni chini ya taulo
kama mtu afugaye nyoka na hataki wageni wajue.
Tangu hapo, kila alfajiri, kabla ya chai,
kabla hata ya soksi,
baridi ya Białystok ikimng'ata nyayo,
alipanda juu yake akitoa pumzi yote,
eti pumzi nayo ina uzito.

Kilo sita zimekwenda. Zimekwenda wapi, hakuna ajuaye.
Daftari linajua mengine yote:
yai moja, la kuchemsha. Tango, nusu.
Tarehe tisa Novemba, keki ya kaka Ziemowit, kipande,
na pembeni kwa wino mwekundu: kwa nini?

Sasa ni mkesha wa Krismasi.
Siku mbili bafu halikuogewa,
samaki wa sikukuu alikuwa akizunguka humo,
mnene, mdomo wazi,
akimtazama Bogna akijipima.
Yeye alipimwa mara moja tu, sokoni,
wala hakuulizwa maoni.

Mama Teofila amekuja na basi la saa nne,
mitungi imefungwa kwa sweta za marehemu.
Ametandaza nyasi kavu chini ya kitambaa cheupe,
ameweka sahani moja ya mgeni asiyealikwa,
na ametangaza sheria, ile ile ya kila mwaka:
vyakula kumi na viwili, na kila kimoja kionjwe,
asiyeonja asije kunililia mwezi wa tatu.

Kumi na viwili! Kichwa cha Bogna kikaanza kujumlisha
supu ya bitiruti, samaki wa chumvi aliyezama kwenye mafuta,
mafuta, Mungu wangu, kabichi na njegere, uyoga,
na hapo hata nyota ya kwanza haijaonekana.
Kalina alitumwa dirishani kuitafuta.
Theluji tupu. "Nimeiona!" akasema.
Labda ilikuwa taa ya mnara wa simu.
Njaa haina ushahidi mgumu.

Wakavunjiana mkate mwembamba kama karatasi,
wakaombeana heri, wakaketi.
Zikaja pierogi, sambusa za kuchemsha,
tatu kwa Kalina, mwenye miaka kumi na mmoja.
Akazisogeza kwa uma hadi ukingoni mwa sahani,
akauliza taratibu, vile watu wazima wanavyouliza bei
ya kitu wasichokusudia kununua:
"Mama, hizi zina kalori ngapi?"

Bibi alidhani ni jina la mtu.
Ziemowit akatazama chumvi.
Bogna akaisikia sauti yake mwenyewe
ikitoka katika kinywa kidogo, na meno ya mbele bado makubwa mno.

"Sijui," akasema.
Alijua, hadi nukta ya desimali.
"Ngoja nihesabu." Akachukua moja, akala.
"Moja." Akala ya pili. "Ya pili… lo, nimepotea.
Itabidi nianze upya."
Mkono ukaenda kwenye ya tatu,
na Kalina akaiwahi, akaitia mdomoni nzima,
shavu limetuna, macho yanacheka.

Nami niliyefunzwa nane kwa nane, silabi ikizidi ikatwe,
nauacha mstari huu ule mpaka ushibe, uongezwe ngano na asali na mbegu za popi, ulegeze mshipi, usimwombe mtu radhi.

Si kwamba hofu haikurudi. Ilirudi kwenye sahani ya saba,
ikakaa pale pa mgeni asiyealikwa.
Bogna akaisogezea kijiko.

Na mizani hakuitupa, hayo ni ya hadithi.
Aliipandisha juu ya kabati: ikae huko
hadi sikukuu ya Wafalme Watatu, kisha tutaonana.

Daftari lilitafutwa asubuhi.
Lilikuwa mezani, chini ya sufuria ya supu,
na kwenye ukurasa wa tarehe ishirini na nne
duara moja jekundu, kubwa,
wala ndani yake hamna tarakimu.