Theluji Juu ya Kizibo

Mchana natengeneza meno ya watu.
Jioni, mwanga ukiwa bado dirishani hapa Makole,
nafagia vumbi la jasi lililobaki mezani,
nalitia kwenye kopo la kahawa,
namtengenezea Nyemo baridi yake.

Yeye mwenyewe nimemchonga kwa nta ya waridi,
nta ile ile ya ufizi, kimo cha kidole gumba,
koti mpaka magotini, kofia imemeza masikio.
Anasimama juu ya kizibo cha soda.

Theluji sijaiona. Nimeona mvua ya mawe
mwaka ule ilipopukutisha zabibu za Hombolo,
tukaokota barafu kwa sufuria, watoto wakailamba,
adhuhuri haijafika ikawa tope.
Hiyo siyo, Nyemo aliniambia kwenye simu.
Theluji haipigi bati, baba. Inashuka
kama mtu anayenyata kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Nilianza na chumvi ya Bahi.
Ilimeta! Nikamwita hata Mama Chilewa wa duka la pili aje aone.
Ikafika Januari, mvua zikakaza,
chumvi ikavuta maji hewani, ikatoa jasho,
asubuhi nikamkuta binti yangu kasimama kidimbwini,
kutu imempanda mpaka kwenye vifundo.

Nikajaribu magadi ya maandazi na gundi.
Wiki tatu nyeupe. Ya nne, njano,
na njano hiyo naijua kuliko wote mjini hapa:
miaka arobaini ya tumbaku.

Jasi ndiyo iliyokubali.
Ichekeche kwa soksi ya nailoni,
gundi nyeupe, maji kidogo,
iwe nzito kama uji wa mtoto anayeanza kula.
Buluu, ncha ya sindano tu,
maana Nyemo anasema kivulini theluji si nyeupe.
Usiipake. Iangushe.
Iache ilundikane upande mmoja wa buti,
upande ule upepo unakopumzika.
Hilo sikuhitaji kuelezwa:
Julai, upepo wetu hulundika vumbi vivyo hivyo
nyuma ya kila jiwe.

Nyayo nilizichimba kwa chombo cha kuchongea magego,
mbili, tatu, zikianzia ukingoni.
Nikajiuliza ametokea wapi.
Nje ya kizibo kuna meza,
mkasi, na taya la mtu wa Kondoa.

Jana usiku nilimweka dirishani akauke
nikasahau kufunga.
Alfajiri theluji yote ina wekundu,
vumbi limeingia kwenye nyayo, limekaa mabegani,
limeshikwa na gundi, halitoki hata kwa brashi ya meno.
Nikapiga picha kwa aibu. Nikaituma.
Nikaandika: samahani, imechafuka.

Akanitumia sauti. Nyuma yake magari, na mtu anakohoa.
Umejuaje, baba?
Huku barabarani iko hivyo hivyo,
siku ya pili tu ishachafuka.
Wanamwaga mchanga tusiteleze.
Wanamwaga na chumvi, iyeyuke.

Chumvi.
Nikakaa kitako kwenye kiti cha wagonjwa.
Miezi miwili nimeijenga kwa kitu
ambacho huko wanaiulia.

Nimeirudia sauti ile mara nne,
si kwa maneno. Mwishoni, akishamaliza kusema,
amesahau kuachia kidole, anatembea,
na inasikika, kila hatua,
kru, kru,
kama mtu anatafuna muhogo mbichi chumba cha pili.
Sauti hiyo sina jasi wala gundi yake.

Kesho saa mbili Bwana Msanjila anafuata meno yake ya juu.
Sijayang'arisha.
Nyemo, buti lako la kushoto,
lile ulilosema limeachia soli,
bado linaingiza maji?
Hukunijibu.