Hereni ya Margė

Mwaka ule wa kujiunga, theluji ilipoyeyuka,
nilikabidhiwa koleo, boksi la hereni za njano,
na orodha ya wenye ng'ombe wasiozidi watatu.
Wa mwisho barabarani, misonobari inapoanzia:
Bi Genovaitė. Ng'ombe mmoja.

Alinipokea na ufagio mkononi.
"Umekuja kuhesabu," alisema. Hakuwa anauliza.
Nikamweleza: ni utaratibu wa Ulaya, mama,
kila sikio na namba yake,
na mwisho wa mwaka fedha kidogo zitaingia benki.
"Zitaingia."
Akacheka mdomo umefumba.
"Hata wale waliahidi. Walihesabu Jumanne.
Ijumaa wakaja na kamba."

Mwaka wa arobaini na tisa alikuwa na miaka tisa.
Ng'ombe wa baba yake, Žala, wa rangi ya kutu,
aliswagwa hadi zizi la kolkhozi
na jioni akarudi mwenyewe, kamba ikiburuzika topeni,
akasimama dirishani analia akamuliwe.
Siku ya pili akarudi. Ya tatu akarudi.
Ya nne walikaa na ndoo mpaka giza.

Aliyeumwa na nyoka...
nami ndiye niliyeshika ung'ongo,
wa plastiki, wa njano,
herufi mbili na msururu wa tarakimu.

"Wewe ni wa nani?"
Nikataja ukoo wetu, Mikalonis. Ningeweza kudanganya.
Akanitazama viatu, kisha mikono.
"Babu yako ndiye aliyeshika daftari.
Alikuwa na mwandiko mzuri."

Kuku akakatiza kati yetu kama mwenye safari.

Kisha akaweka ufagio ukutani, akaingia bandani,
akamkumbatia Margė shingo.
"Kama ni kutobolewa, atobolewe nimemshika mimi."
Koleo likasema tak.
Ng'ombe akarusha kichwa; tone moja la damu
likadondokea aproni iliyofuliwa jana.
Nikafungua fomu. Nikaanza kunakili namba,
na nikajikuta naandika vibaya, kwa makusudi,
saba zikifanana na moja,
mpaka ofisini wakanirudishia karatasi.

Mei mosi shule ilipandisha bendera ya nyota,
watoto wakagawiwa keki ya bluu iliyowapaka ndimi.
Mwanawe Rimvydas hakuisubiri keki.
Alishapanda basi la Ayalandi, bila viza,
kwenda kuchuma uyoga kwenye mabanda yasiyo na madirisha,
yeye aliyekua akiuokota bure nyuma ya nyumba yao.

Desemba simu ya ofisini ililia.
"Zimeingia," alisema Bi Genovaitė.
Nikasikia kwa mbali ndoo ikiwekwa chini,
na pumzi ya mtu mwenye jambo bado.
Nikamwambia, unaona, mama?

"Naona," akasema.
"Lakini leo ni Jumatano."